Kifuniko Kwenye Kona ya Meza

Harufu ya lehemu ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa natoka sokoni Arua kununua sukari na tende za khitma ya mama, nina haraka, maana gari la Koboko halimsubiri mtu. Kijana fundi wa simu alikuwa ameinamia meza yake kando ya barabara, anachomelea kitu ndani ya simu iliyopasuliwa, na ule moshi mwembamba ukanijia puani na kunikwangua koo. Nikasimama pale pale. Mwenye boda akanipigia honi, akaniuliza kama barabara nimeinunua. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nimebeba sukari kichwani, ninalia kwa sababu ya moshi. "Mama, simu imekufa?" yule kijana akaniuliza kwa huruma. Nikamwambia hapana, mwanangu, fanya kazi yako.

Nyumbani kwetu Koboko, harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: baba yupo. Alikuwa askari, lakini si wa bunduki sana. Alikuwa mtu wa redio, wale waliokaa na vyuma masikioni wakiita kambi nyingine. Kila alipopewa likizo, majirani walipanga redio zao barazani kwetu kama wagonjwa wa zahanati, naye akazitengeneza kwa chuma cha lehemu alichokipasha kwenye jiko la mkaa la mama. Mama aligomba kwamba chai inanuka risasi. Baba alicheka, akasema chai ya risasi inakaza mifupa. Mimi nilikaa miguuni pake nikingoja vile vidude vilivyokufa ndani ya redio, kwa sababu hivyo vilikuwa vyangu.

Kabla sijaanza shule, jeshi lilikuwa limempeleka ng'ambo kujifunza kazi yake. Alirudi na koti zito lisilovalika Koboko hata wakati wa mvua, na kijitabu chembamba chenye picha za watu waliovaa kofia za vioo, wakipigana kwenye nchi isiyo na mti hata mmoja. Kilikuwa kitabu cha kanuni za mchezo. Si bao wala ludo. Ulikuwa mchezo wa vita vidogo, vya watu wachache, huko kwenye nyota, na ulichezwa juu ya meza. Wazungu walinunua vijiaskari vya kuchezea, lakini sisi tulikuwa na transista. Ukiitazama vizuri transista iliyokufa, ina kichwa cheusi na miguu mitatu, na haina haya. Baba aliwasimamisha wote kwenye vipande vya sabuni, na mama akagomba tena, safari hii kwa ajili ya sabuni.

Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku. Tuliumwagia mchanga, tukapanga mawe na vigae vya chungu, na hapo tukawa tumeiacha dunia. Chombo cha watu wetu kimeharibikia kwenye nyota isiyo na maji. Lazima wavuke meza nzima wafike kwenye mnara wa redio, ambao ulikuwa betri kubwa iliyosimamishwa, ili waite nyumbani waje kuchukuliwa, wao na wenzao wote waliojificha. Katikati walilala vifuniko vya soda, kifudifudi. Chini ya kila kifuniko baba alikuwa ameweka alama. Mistari miwili iliyokatana ni adui. Duara ni mwenzetu aliyepotea. Na vingine havikuwa na alama yoyote, maana yake hakuna mtu hapo, ulisikia upepo tu. Hukuruhusiwa kugeuza kifuniko mpaka kionekane, na kuonekana kulipimwa kwa uzi. Unaunyoosha kutoka kwa askari, awe wetu au adui, mpaka kwenye kifuniko. Kama haugusi jiwe wala kigae, kimeonekana, na lazima ukigeuze, utake usitake.

Uzuri wake ni kwamba uliweza kuchezwa na mtu mmoja. Likizo za baba zilikuwa fupi, ndugu sikuwa naye, na binamu zangu walisema msichana anayeongea na vyuma atakosa mume. "Sasa adui nani atacheza?" nilimuuliza baba.

"Wewe," akasema. "Watu yako, wewe nacheza na akili. Ule mwingine, nacheza na dadu. Dadu ikisema anakuja, anakuja. Usimuonee, eh, Sajini? Ukimuonea, hapana mchezo tena. Iko uongo tu."

Sajini ndilo jina alilonipa. Nilikuwa mtiifu kwake na mkaidi kwa watu wengine wote, kwa hiyo kanuni hiyo niliishika kama nilivyoishika Alhamdu. Alipokuwa kambini nilicheza peke yangu barazani mchana kutwa. Nilijifunza kurusha dadu ya adui kwa mkono ule ule na nguvu zile zile nilizorushia ya kwangu, na aliponiua mtu nilimtoa mezani bila kunung'unika.

Halafu serikali ya jeshi ikaanguka. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Mnakumbuka magari yaliyopita yakielekea mpakani yamejaa magodoro, na jinsi nyumba zilizokuwa zikijivunia askari zilivyojifanya hazijawahi kumlisha askari hata siku moja. Baba alifika saa za adhuhuri, kwa miguu, bila alama begani. Alikunywa chai akiwa amesimama. Mama alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka, kikombe kikaanguka kikavunjika, na hakuna aliyekiokota.

Mimi nilikuwa mezani. Sijui watoto wengine hufanya nini dunia inapopinduka, lakini mimi nilikuwa nacheza zamu yangu. Baba akaja akachuchumaa kando yangu.

"Sajini. Nani iko nashinda?"

"Bado."

Akatoa mfukoni kifuniko cha soda, kipya, akakilaza kwenye kona ya mbali ya meza, nyuma ya jiwe kubwa. Nikanyoosha mkono nikigeuze. Akanishika.

"Hapana. Huyu ni mimi. Mimi nakwenda kujificha hapo. Mutu haonekani, hajakufa. Iko tu haonekani. Usigeuze bila uzi."

"Na uzi ukifika?"

Nje mtu alikuwa anamwita kwa jina, mara ya pili sasa. "Uzi ikifika, utaona," akasema. Akanipapasa kichwa kwa mkono unaonuka lehemu, akaenda.

Leo naelewa kwamba alikuwa baba asiye na muda mbele ya mtoto mwenye hofu, akatumia kilichokuwa mfukoni. Lakini wakati ule nani angeniambia? Niliyachukua maneno yake kama amri. Kuanzia adhuhuri ile, baba yangu alikuwa chini ya kifuniko kile. Kisipogeuzwa, yu hai. Na mtu wangu akifika kwenye mnara, ataitwa, atatoka, atarudi nyumbani. Sikuona uchawi wowote hapo, nilijua tu kwamba kanuni ndivyo zilivyosema.

Tuliondoka kabla ya alasiri. Kwanza mama aliwasha moto jikoni akachoma kila kitu cha askari: sare, mkanda, lile koti zito, picha zote za baba, kwa kuwa askari wa serikali mpya waliokuja nyuma yetu, watu walisema, walikuwa wanatafuta vitu hivyo majumbani. Kijitabu nacho kikaenda. Niliona wale watu wa kofia za vioo wakijikunja na kuwa weusi. Transista na vifuniko nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Lakini kifuniko cha kona hakingeweza kuingia koponi, kwa sababu kingepinduka humo ndani. Nikakilaza kwenye kiganja, nikasimama uani, nikakataa kwenda. Mama alikuwa na mzigo kichwani na mwingine mgongoni, na angekuwa na haki ya kunitandika. Badala yake alikichukua kifudifudi kama nilivyomwonyesha, akakifunga kwenye pindo la leso yake, pale wanawake wanapofunga hela.

"Nimefunga," akasema. "Sikuangalia. Haya, tembea."

Tukavuka mto kwenda upande wa Sudan, tukaishia kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya Kaya, kwenye vibanda vya nyasi, mtama wa mgao na foleni ya maji isiyo na mwisho. Siku ya kwanza tuliyopata kibanda, nilichora meza ardhini chini ya ukingo wa paa. Nilikumbuka kila kitu kilipokuwa. Nikasimamisha watu wangu kwenye udongo wa kufinyanga, maana sabuni sasa ilikuwa mali. Mama akafungua pindo la leso, akalaza kifuniko kwenye kona yake, nikaweka jiwe mbele.

Ndipo mchezo ukawa mateso. Zamani nikishindwa nilipanga upya nikaanza tena. Sasa kulikuwa na mchezo mmoja tu, ule ule baba aliouacha, na haukuwa na kuanza upya. Watu wangu niliwaelekeza mnarani na kuwazuia wasikaribie kona. Lakini adui waliendeshwa na dadu, na dadu haina baba. Iliwaleta popote ilipotaka. Mara nyingi ilimleta mmoja wao hadi karibu na lile jiwe kubwa, nami ninanyoosha uzi vidole vinatoka jasho, naona uzi umegusa ncha ya jiwe, ninapumua. Kudanganya kungekuwa rahisi. Ni kuisukuma dadu kidogo tu kwa ukucha, na hakuna ambaye angeona. Sikuthubutu. Niliamini kabisa kwamba nikimwonea adui, mchezo utakuwa uongo, na kama mchezo ni uongo basi na ile ahadi ni uongo, na baba amelala mahali fulani porini. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, nimekaa juani, namtendea haki adui wa chuma. Wenzangu walinicheka. Mimi sikuona cha kuchekwa.

Siku moja alikuja mtu aliyekuwa na baba mpaka mwisho, mwanamume mrefu aliyefunga kitambaa jichoni. Mama alimkaribisha kwenye mkeka, akampa uji. Alizungumza akiutazama uji. Walikuwa wanavuka daraja, akasema, risasi zikaanza, watu wakatawanyika majanini.

"Uliona yeye anaanguka?" mama akauliza.

"Hapana, dada. Mimi sikuona. Lakini baada ya pale, mutu hakuna alimwona tena."

Nilikuwa mlangoni. Niliruka juu, nikapiga makofi, nikacheka kwa sauti. Hakuna aliyemwona! Hicho ndicho nilichokuwa nikikilinda siku zote, na sasa mtu mzima, askari, amekuja kukithibitisha. Mama aliinuka akanizaba kofi la kunizungusha. Sikujua nimekosa nini. Yule mgeni aliacha uji wake akaondoka.

Jioni mama akaja kukaa kando yangu chini ya ukingo wa paa. Shavu lilikuwa bado linaniwaka, sikumtazama. "Nieleze hii mchezo," akasema. Nikamweleza: mnara, uzi, duara, mistari, kifuniko kisicho na alama. Alisikiliza kama anayesikiliza daktari. Aliuliza maswali machache, yote ya maana. Tangu siku hiyo, nilipotaka kupima, yeye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya uzi. Hakusema mengi. Ukigusa jiwe, alisema "Haonekani," akaenda kupika.

Watu wangu walikwisha mmoja mmoja. Tuliporudi Koboko, vita vya Sudan vikiwa vimetufukuza huko nako, nilikuwa nimebaki na mmoja tu, transista ndefu niliyoiita Mrefu. Nyumba haikuwa na paa, na magugu yalikuwa yamesimama sebuleni kama wenyeji. Bibi mzaa baba, ambaye sisi tulimwita habuba, alikuwa amejificha upande wa Zaire miaka yote hiyo, akarudi amekonda, amebaki macho tu. Baba mdogo, mdogo wake baba, alitufyekea uwanja na kutujengea chumba kimoja. Nikachora meza barazani, mahali pale pale pa zamani, nikaifunika kwa ungo ili kuku wasivuruge.

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Kwetu, kwenye khitma ya mtu yeyote, sheikh huuliza majina ya marehemu wengine wa nyumba ile ili nao waombewe. Kila mara jina la baba lilipokaribia kutajwa, mama alisema, "Huyo mwekeni kwa wasafiri." Sheikh alimwombea baba pamoja na wasafiri, watu wakatazamana. Watu wazima walijua maana ya askari asiyeonekana miaka yote hiyo. Baba mdogo alizungumza naye kwa adabu, akamwita shemeji, akamwambia nyumba haiwezi kukaa hivi, hana mume wala hana eda, na yeye yuko tayari kumtunza kama desturi inavyotaka. Hakuwa mtu mbaya. Mama alimshukuru kwa mtama aliotuletea, akarudi kwenye jembe.

Habuba ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuja siku moja akakaa chini mbele ya mama, mkwe mbele ya mkwe, akamshika magoti.

"Mimi nilizaa yeye," akasema. "Nataka kulia yeye. Nitakufa sasa hivi, na mtoto yangu sijalia. Hata kulia munaninyima?"

Nilimwona mama anatazama huku na huku kama anayetafuta mlango. Muda si mrefu baada ya hapo, alirudi kutoka kulima shamba la watu, akakaa kizingitini na jembe mapajani, mguu umevimba, akamwambia baba mdogo, "Basi. Fanyeni."

Wazee wetu wana desturi ya zamani kuliko msikiti. Mtu akipotelea mbali, huchukuliwa kitu alichokishika kwa mkono wake, kikafukiwa karibu na nyumba, ili msiba uwe na mahali pa kukaa. Sheikh alisema yeye atasali sala ya asiyekuwepo, na shimo ni lao, si lake. Akageuka akawa anatazama mihogo. Tatizo likawa kitu chenyewe. Moto wa mama ulikuwa umemaliza kila kitu. Nilikimbia nikaleta kopo langu, nikawapa transista zote, hata Mrefu, chukueni, hawa baba aliwashika. Habuba akatia mkono koponi, akaurudisha.

"Hii ni vitu ya redio ya watu," akasema. "Kile aliacha mwenyewe, akasema ni yeye, iko wapi?"

Nyumba nzima ilijua. Nililia hilo kambini, nililia hilo njiani, kila mtu alikuwa amelisikia. Mtu akainua ungo.

Nataka mjue mchezo ulikuwa umefika wapi. Mrefu alikuwa amebakiza shibiri moja kufika mnarani. Na adui mmoja alikuwa amesimama pembeni mwa jiwe, akiwa amebakiza hatua moja tu kukiona kifuniko. Zamu ilikuwa yake. Nilikuwa sijarusha dadu tangu masika, kwa sababu nilijua rusho hilo lingeamua kila kitu. Nikakichukua kifuniko kwenye kiganja, kifudifudi, nikapelekwa uani.

Shimo lilikuwa dogo, la kufukia kuku. Wanawake walikaa kwenye mikeka, mama katikati, wamemfunika kitambaa cheupe cha eda. Habuba akanyoosha mkono wake. Sikutoa. Baba mdogo akasema kwa upole, "Leta, binti." Sikutoa. Nilipiga kelele kwamba uzi haujafika, hakuna aliyemwona, mnamzika mtu ambaye hakuna aliyemwona! Wanawake wakadhani ni huzuni, baadhi wakaanza kulia pamoja nami. Sijawahi tena maishani mwangu kuogopa namna ile, hata siku nilizoona bunduki.

Mama akainuka akiwa na kile kitambaa begani. Akaja akanishika kifundo cha mkono.

"Geuza," akasema.

"Uzi bado!"

"Geuza, mama yangu. Mimi nakwambia."

Nikakaza vidole. Alivifungua kimoja kimoja, akakigeuza kifuniko yeye mwenyewe.

Chini palikuwa patupu. Bati, na kile kigozi chembamba cha ndani, na kutu kidogo ukingoni. Hapakuwa na duara wala mstari. Miaka yote ile nilikuwa nimelinda bati. Nikamtazama mama kama mjinga.

"Baba yako alisema nini?" akaniuliza. Alikuwa ananishika mkono kwa nguvu hata ukaniuma. "Kama hakuna alama, maana yake nini?"

"Hakuna mtu."

"Sema na nguvu. Wazee wasikie."

"Hakuna mtu hapa!"

"Mumesikia," mama akawaambia. "Mutu hayuko hapa. Mimi sitazika mutu hayuko." Akavua kitambaa cheupe, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka mapajani pa habuba. Akachukua jembe lake ukutani, akaenda shambani na mguu wake uliovimba.

Baba mdogo alishika kichwa. Sheikh aliaga, akasema kesi hii si ya kwake. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Baba hayupo hapa, basi yupo kwingine mezani, ni kubwa meza hiyo. Habuba alibaki kando ya shimo mpaka jua likapoa, kitambaa mapajani. Hakulia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekufa. Alifariki mvua zilizofuata bila kumlilia mwanawe.

Baba hakurudi. Mama alikataa kuolewa na baba mdogo na kila mtu mwingine, akanileta Arua, tukapanga chumba mtaa wa Mvara, akakaanga mandazi na kunisomesha kwa mandazi hayo. Kila gari lililotoka Sudan au Zaire alilitazama mpaka abiria wa mwisho ashuke. Kila khitma alisema maneno yale yale, mwekeni kwa wasafiri, hata masheikh wakazoea. Nilipokuwa msichana mkubwa niliacha kuamini, taratibu, bila siku maalumu, kama mtu anavyoacha kunywa maziwa. Lakini sikumwambia. Ningewezaje? Alikuwa amewaaibisha wazee na kumwacha habuba kando ya shimo kwa ajili ya tumaini hilo. Nilipoongea naye nilisema "baba akirudi", na yeye alisema "baba yako akirudi". Tulisema hivyo mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

Mwezi wa mwisho wa ugonjwa wake, nilikuwa namlisha uji, akasema bila kuulizwa, "Ile kifuniko, mimi nilijua iko tupu."

Kijiko kikasimama mkononi mwangu.

"Siku ya mto. Ulikuwa umelala. Nilifungua leso, nikaangalia. Nikalia kidogo. Nikafunga tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ungeniambia?" Alimeza, akapumzika. "Baba yako alikufa pale daraja. Nilijua siku ile ya uji, siku nilikupiga. Lakini wewe ulikuwa nacheka. Nikasema, kwa hii nyumba, mutu moja anaamini. Wacha aamini. Halafu siku ya shimo ukalia vile. Nilifikiri ukimzika, na wewe utakufa."

Nilimpangusa mdomo. Alikuwa amemngoja mumewe maisha yake yote kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimemngoja baba nusu ya maisha yangu kwa ajili yake, na hapakuwa na yeyote kati yetu aliyekuwa anamngoja. Niliumia, bado naumia, na sijui nimlaumu nani. Alifariki akiwa usingizini, na tukampeleka Koboko.

Basi nilifika na sukari na tende zangu, macho mekundu, watu wakadhani ni vumbi la barabara. Khitma ilisomwa uani, si mbali na pale palipokuwa shimo. Mwishoni sheikh, kijana ambaye hakutujua, akauliza majina ya marehemu wengine wa nyumba hii. Wakataja. Habuba akatajwa. Kisha wakafika mahali pale pa siku zote, wakakoma. Nilisikia mtoto akitafuna tende. Watu wazima wote walikuwa wananitazama, kwa sababu aliyekuwa akijibu swali hilo ndiye tuliyekuwa tunamsomea, na mkubwa wa nyumba sasa nilikuwa mimi.

"Na baba wa nyumba?" sheikh akauliza. "Tunamweka kwa wasafiri, au kwa marehemu?"

"Marehemu," nikasema. Nikamtajia jina la baba, yote matatu, polepole asikosee.

Mwisho wa mkeka alikuwa amekaa baba mdogo, mzee asiye na meno, na fimbo mapajani. Alivua kofia yake, akaweka uso ndani yake, akaanza kumlilia kaka yake kwa sauti.